Voi: usipite tu ukielekea Mombasa, shuka hapo ulale

Watu wengi wanaijua Voi kama mahali basi linasimama usiku, unashuka kununua maji na ndizi, unakimbia choo, unarudi ndani kulala hadi Mombasa. Ama wanaijua kama geti la kuingilia Tsavo East, gari la loji linakuchukua stesheni linakupeleka porini moja kwa moja na mji wenyewe unauona kwa dirisha. Mimi nataka kuandika juu ya mji wenyewe, manake Voi ni mji wa reli, reli ndiyo ilifanya ukawa mji, na kama unapenda historia ya nchi hii sijaona mahali pengine padogo hivi ambapo unaweza kuona reli za vipindi vitatu bila kusafiri mbali, ile ya Uganda Railway, reli ya Waingereza ya kutoka Mombasa, iliyofika 1897, ile ya vita iliyoanza kujengwa 1915, na SGR, ile reli mpya pana, ya 2017. Zote tatu ziko hapo hapo na kila moja ina habari yake.

Kufika ni rahisi. Ukitoka Nairobi chukua ile treni ya asubuhi ya saa mbili, ile inayosimama stesheni za katikati, na kabla hujakata tiketi ya ekspresi uliza kwanza kama itakuangusha Voi. Tiketi unapiga *639# unalipa kwa M-Pesa, na ukate mapema hasa kama ni wikendi ndefu ama shule zimefungwa, la sivyo utapata imejaa. Toka Januari 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza, ukishukia Voi unalipa chini ya hapo. Omba kiti cha dirishani upande wa kushoto ukielekea Mombasa, huo ndio upande wa Tsavo East, na kuanzia Mtito Andei weka simu chini uangalie nje tu. Tembo wa hapo ni wekundu kabisa kwa sababu ya ule udongo wanaojimwagia, mara ya kwanza ukiwaona unafikiri ni kichuguu kinatembea. Treni inapita juu ya tuta refu na kuna sehemu wameacha nafasi chini ya reli wanyama wapite kutoka upande mmoja wa mbuga kwenda mwingine, ukiwa na bahati utaona nyayo kwenye mchanga pale chini hata kama wenyewe hawapo.

Stesheni ya SGR haiko katikati ya mji, kwa hivyo ukishuka na mizigo usijaribu kutembea na lile jua, tuktuk na boda ziko nje zinangoja, patana bei kabla hujapanda. Mimi naishauri tuktuk kwa sababu ya kivuli.

Sasa twende kwa stesheni ya zamani, manake hiyo ndiyo iliyonipeleka.

Kwanza uelewe kwa nini Voi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na baada ya kuacha yale mashamba ya minazi ya pwani wajenzi wakaingia nyika ya Taru, miiba na vumbi na hakuna maji, yaani maji ya kunywa ya watu na maji ya injini yote yalikuwa yanabebwa na treni kutoka nyuma kuletwa mbele. Injini ya mvuke inakunywa maji mengi sana, bila maji haisogei. Mwisho wa 1897 reli ikafika Voi, karibu kilomita 160 kutoka baharini, na hapo ndipo mambo yakawa afadhali kidogo kwa sababu kuna mto Voi, na juu yake kuna milima ya Sagala na Taita ambako wenyeji walikuwa wanalima na chakula kipo. Kwa hivyo Voi ikawa mahali pa kujaza maji, kupumzika, kupanga mabehewa, na baadaye mahali pa kula. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula, jioni treni ikifika Voi abiria wanashuka wote wanaenda kula kwenye nyumba ya wageni ya reli halafu wanapanda tena kuendelea na safari ya usiku. Mzungu wa daraja la kwanza ndiye alikuwa anakaa mezani, wewe na mimi tungekuwa behewa la nyuma na viazi vyetu, lakini ndivyo mji ulivyoanza kupata wapishi, wenye maduka, wachukuzi, mafundi, na nyumba za wafanyakazi wa relwe.

Na tusipite haraka juu ya waliojenga. Waingereza walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India, na kama 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa na ajali na wanyama. Hiyo ni kwa reli nzima kutoka Mombasa hadi Kisumu ambako walifika Desemba 1901. Ukigawanya hao waliokufa kwa urefu wa reli, zaidi ya kilomita 900, unapata zaidi ya watu wawili kila kilomita moja, na hapo bado hujahesabu Waafrika waliofyeka na kubeba. Hesabu hiyo ilinikaa kichwani nikiwa nimesimama pale kwenye reli naangalia inavyonyooka kuelekea Maungu.

Stesheni ya zamani iko mjini, unaweza kwenda kwa miguu. Usitegemee makumbusho yenye mapambo, hii ni stesheni ya kazi, abiria waliacha kupanda hapo 2017 SGR ilipoanza, na treni za mizigo zinapita mara mojamoja. Uliza kwanza kwa askari wa zamu, jitambulishe vizuri, sema unataka kuangalia na kupiga picha, usijiingilie tu kwenye reli kama vile ni uwanja wa mpira. Mimi niliomba nikaruhusiwa na nikapata bahati ya kukutana na mzee mmoja mstaafu wa relwe anayekaa jirani, alikuwa amekaa kivulini na wenzake, nikamwamkia shikamoo na kumuuliza kama anajua habari za hapo. Akaniuliza, "Kijana, unataka habari ya stesheni ama unataka picha ya kuweka kwa simu?" Nikamwambia mzee, nataka habari. Akainuka.

Kitu cha kwanza alichonionyesha ni ubavu wa reli yenyewe. Unainama, unapangusa vumbi kwa kidole, unaona herufi zimetokeza kwenye chuma, jina la kiwanda na mwaka ilipotengenezwa. Kila kipande cha reli kina cheti chake cha kuzaliwa pale ubavuni na watu wanakanyaga kila siku bila kuangalia. Halafu akanionyesha mataruma, yale yanayolalia reli. Ukiona picha za reli za nchi nyingine mataruma ni mbao, hapa mengi ni ya chuma yaliyokunjwa kama sinia lililopinduliwa, kwa sababu mbao kwa nchi hii mchwa wangezimaliza. Hayo mataruma ya chuma ukiyagonga na jiwe yanalia. Mzee akasema zamani walikuwa wanajua taruma lililolegea kwa sauti tu, anapita mtu wa genge na nyundo yake anagonga moja baada ya nyingine, lile linalotoa sauti nzito anajua hapo kokoto zimekimbia chini.

Akanieleza pia kazi ya stesheni masta kwa reli ya njia moja. Treni mbili haziwezi kupishana isipokuwa kwenye stesheni, kwa hivyo treni ikifika Voi haiondoki tu, stesheni masta lazima apate kibali cha stesheni ya mbele kwamba njia ni nyeupe, ndipo draiva anapewa ruhusa. Kosa moja la mtu mmoja na ni treni mbili uso kwa uso porini. Na Voi ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu ni njia panda, kuna treni za Mombasa, kuna za Nairobi, na kuna za Taveta, yote yapangwe, mabehewa yakatwe hapa yaungwe kule, wao wanaita kushanti. Nilisikiliza nikaona vile mji mzima ulikuwa unaishi kwa saa ya relwe. Huo ukoo wa watu wanaojua hizi kazi unazeeka, ukienda Voi mtafute mmoja wao, mnunulie chai, mpe na kitu cha asante, utapata zaidi ya anachokupa mtembeza wageni yeyote.

Na hapo nina lalamiko. Nilichukua kijana mmoja aliyejiita mtembeza wageni wa historia, sitamtaja jina, akaniambia reli ya Taveta ilijengwa na Wajerumani. Si kweli hata kidogo, ilijengwa na Waingereza kuwapiga Wajerumani, na ni kitu cha kwanza mtu wa Voi anayechukua pesa za wageni anatakiwa kujua. Kwa hivyo kama unachukua mtu wa kukutembeza muulize maswali kwanza kabla ya kulipa. Ningependa sana kuona vibao vya maelezo pale stesheni, hata kimoja tu kwa Kiswahili, mwaka, nani alijenga, nani alikufa, watoto wa shule waje wasome.

Hebu niieleze hiyo reli ya Taveta sasa, manake ndiyo inafanya Voi iwe Voi. Agosti 1914 vita vilipoanza Wajerumani wa Tanganyika walivuka mpaka wakateka Taveta. Kutoka hapo wakawa wanatuma vikosi vidogo vinatembea nyikani usiku bila maji ya kutosha, vinakuja kutega mabomu kwenye reli kuu. Mwingereza akaona hawezi kupeleka jeshi Taveta kwa miguu, hakuna maji, farasi na ng'ombe wanakufa kwa ugonjwa wa mbung'o, kwa hivyo 1915 akaanza kujenga reli kutoka Voi kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau. Tarehe 12 Februari 1916 wakashambulia kilima cha Salaita karibu na Taveta, wanajeshi kutoka Afrika Kusini wakapigwa wakarudi nyuma, mwezi uliofuata wakapita kwa mapigano ya Latema na Reata, na reli ikasukumwa ikaingia Tanganyika ikaungana na ile ya Wajerumani ya Tanga na Moshi pale Kahe. Hivyo ndivyo Voi ilivyounganishwa na Moshi, kwa bunduki. Baada ya vita ikawa reli ya kawaida ya mkonge na mizigo na abiria, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa, na safari za kuvuka zikafa.

Makaburi ya vita ya Voi yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ni padogo, safi, hakuna kiingilio, unaandika jina kwenye kitabu cha wageni kama kipo. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Tafuta kaburi la Wilbur Dartnell, Luteni, mzaliwa wa Australia. Tarehe 3 Septemba 1915 karibu na Maktau alipigwa risasi ya mguu, wenzake wakawa wanambeba, akaona kuna majeruhi wengine wabaya zaidi hawawezi kubebwa, akakataa kuondolewa akabaki nao akitumaini kuwaokoa. Akauawa naye. Akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, akiwa ameshakufa. Nilisoma lile jina nikakaa hapo kwa muda.

Lakini ukimaliza kusoma majina ya pale jiulize wako wapi wachukuzi. Vita hivi vya Afrika Mashariki vilibebwa kichwani na Waafrika, chakula, risasi, mahema, majeruhi, vyote kichwani, na waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na malaria na njaa kuliko risasi. Ndio hao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar. Kaburi lenye jina hawana. Mwaka 2021 hiyo tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa wazungu. Nasema hivi si kwa kupunguza heshima ya waliolala pale, nasema kwa sababu mgeni anaweza kutoka pale akidhani ameona wote waliokufa.

Ukiwa na nafasi usiishie mjini, fuata hiyo reli. Matatu za Mwatate zinajaa haraka, na za Taveta zinatoka asubuhi, barabara ni lami siku hizi na safari ni kama kilomita 110. Reli inaonekana mara kwa mara kando ya barabara, sehemu nyingine majani yameimeza, sehemu nyingine mbuzi wamelala katikati. Mwatate utaona mkonge mpaka macho yachoke, mistari na mistari imenyooka. Maktau kuna makaburi ya wanajeshi wa Kihindi waliopigana upande wa Waingereza, watu wachache sana husimama hapo na mimi naona ni kosa kupita. Mbele kidogo kama hakuna mawingu Kilimanjaro inajitokeza yote, na ukikaribia Taveta unaona Salaita, kilima kidogo tu, huwezi kuamini watu wengi hivyo walikufa kwa ajili yake. Kuna mbuyu mkubwa hapo karibu wenye matundu na wenyeji wana hadithi kwamba mwanamke wa Kijerumani alikuwa anajificha ndani anawapiga Waingereza risasi. Ni hadithi, ichukue kama hadithi, lakini mbuyu upo na unastahili picha. Taveta yenyewe ina makaburi mengine ya vita, ina ziwa Chala ambalo liko ndani ya shimo la volkano na maji yake yamekatwa na mpaka wa Tanzania katikati, na ina ile nyumba ya Grogan juu ya kilima, mzungu aliyetembea kutoka Cape kwenda Cairo miaka ya mwisho ya 1890 halafu akaja kuchukua mashamba makubwa huko. Usijibane kufanya haya yote na kurudi Voi siku hiyo hiyo, lala Taveta.

Upande wa pili wa Voi, ukirudi kuelekea Nairobi kama kilomita 50, ndiko mto Tsavo na daraja la wale simba. Hadithi hii kila mtu anadai anaijua lakini wengi wanaijua vibaya. Machi hadi Desemba 1898 simba wawili dume wasio na manyoya ya shingoni walikuwa wanaingia kambini usiku wanavuta watu kutoka kwa mahema. Wafanyakazi wakagoma, wengine wakapanda treni wakakimbia, kazi ya daraja ikasimama. Patterson, aliyekuwa anasimamia ujenzi wa daraja, akamuua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29. Yeye baadaye alisema waliliwa watu 135, reli yenyewe ilihesabu Wahindi 28, na watafiti waliopima nywele na mifupa ya simba hao mwaka 2009 walikadiria kama 35. Kwa hivyo mtu akikuambia 135 kama vile aliwahesabu, mwambie polepole. Ngozi za simba Patterson aliziuzia jumba la makumbusho la Chicago mwaka 1924 kwa dola 5,000 na wamesimama kule mpaka leo. Kuna Wakenya wanaotaka warudishwe na mimi niko upande wao kabisa, simba wa Tsavo mahali pao ni Tsavo, wakae hapa Voi kwenye jumba lao watoto wa Taita wawaone bila viza.

Ukienda pale mtoni hakikisha una usafiri wa kurudi kabla ya giza, matatu za Mtito zinaweza kukushusha lakini kusimamisha ya kurudi ni kazi. Usishuke mtoni peke yako, kuna mamba na ni nchi ya tembo. Angalia daraja la reli ya zamani na lile kubwa la SGR yakiwa jirani, ukiyaona pamoja unaelewa miaka 120 ilivyobadilisha mambo bila mtu kukueleza. Na kama una hamu zaidi ya simba na reli, behewa ambalo Charles Ryall, askari polisi, aliburutwa na simba kutoka ndani yake pale Kima mwaka 1900 liko makumbusho ya reli Nairobi, unaweza kuliona kabla ya kupanda treni.

Mackinnon Road nayo, upande wa Mombasa, wengi wanapita na kasi. Kando ya reli kuna msikiti na kaburi la Seyyid Baghali, Mpunjabi aliyekuwa msimamizi wa wafanyakazi wa reli. Wafanyakazi walisimulia kwamba karai lake la mawe lilikuwa halikai kichwani, linaelea juu kidogo, na kwamba simba walikuwa hawamgusi. Madereva wa malori na wasafiri wa dini zote wanasimama kuomba dua ya safari. Vaa kwa heshima, vua viatu, toa sadaka kidogo. Kwangu hii ni moja ya sehemu nzuri kabisa za reli yote kwa sababu hapa mfanyakazi ndiye anayekumbukwa, si injinia wala gavana.

Kuhusu mbuga sitaongea sana, Tsavo East ina watu wa kutosha wa kuisifia. Geti la Voi liko karibu na mji, malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, si pesa taslimu, na ukiwa na muda mfupi bwawa la Aruba na mwamba wa Mudanda vinatosha. Kitu kimoja kinachohusiana na mada yangu, mbuga ilianzishwa 1948 na reli ndiyo iliyopita kati ya Tsavo East na West, ukiangalia ramani mstari unaogawa ni reli na barabara. Na kwenye kiwanja cha ndege cha Voi ndipo Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji wa enzi ya ukoloni, alipoanguka na ndege yake tarehe 14 Mei 1931, yeye na mtumishi wake Kamau. Watu wanamtaja Finch Hatton tu. Kamau naye alikufa hapo.

Chakula na malazi sasa. Sikulala hoteli ya kitalii, nililala gesti ya kawaida mjini, kitanda safi, neti haina matundu, feni inafanya kazi, lakini gesti ya kwanza niliyojaribu ilinionyesha chumba kizuri halafu nikaletwa kingine nyuma juu ya baa, kwa hivyo ona chumba utakacholala chenyewe na ujaribu bomba la maji kabla ya kutoa pesa. Voi kuna joto, feni si anasa. Chakula nilikula hoteli ndogo karibu na steji na sina malalamiko hata moja, asubuhi mahamri na mbaazi ya nazi, mchana wali na samaki, na ukimuuliza mama vizuri kama kuna mapishi ya kwao atakuonyesha mahali pa kupata kimanga, ule mpondo wa Kitaita wa ndizi na maharagwe, mzito, ukila mchana hutafuti chakula tena hadi usiku. Matunda ya sokoni ni ya bei nzuri kwa sababu yanashuka kutoka Wundanyi kila asubuhi, ndizi na parachichi hasa, nunua hapo usinunue barabarani kwa wanaokimbiza mabasi.

Kama unapanga na watoto, wapeleke stesheni ya zamani na SGR siku moja, mmoja baada ya nyingine. Waonyeshe upana wa reli, ya zamani ni mita moja tu, ya sasa ni milimita 1,435, waambie wapime kwa hatua wakiwa nje ya reli. Wanaelewa haraka kuliko wakisomewa darasani.

Nyota ninazompa Voi ni nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya vibao na watembezaji, hayo yakirekebishwa sina sababu ya kuizuia. Kwa mtu anayetaka bwawa la kuogelea na muziki, hapa si pake, aendelee hadi pwani. Kwa mwenye kupenda reli, mwenye babu aliyefanya relwe, mwalimu wa historia, ama mtu tu aliyechoka kupita mahali bila kujua kulitokea nini, panga angalau usiku mmoja mjini na mwingine Taveta. Kofia, maji, viatu vya kufunga, chaji ya simu, na vichenji vya noti ndogo kwa tuktuk na chai za wazee. Tiketi ya kurudi kata siku ile ile unayokata ya kwenda, manake treni ya kutoka Mombasa ikifika Voi mara nyingi viti vimeshaisha.